Msiwauzie Watu wa Songwa Upepo

Mjomba wangu wa Songwa aliuza ng'ombe wawili akanunua upepo. Nasema upepo kwa makusudi, maana umeme hakuupata. Mtambo wenyewe, ambao majirani wanauita feni, una mapanga matatu yanayozunguka katika duara la upana wa mita 1.2, nao umefungwa kwa bomba la chuma kwenye ukuta wa pembeni unaobeba kenchi za nyumba yake. Kwenye boksi lake pameandikwa wati 300. Nilipokwenda kumsalimu mwezi wa nane, alinikalisha chini ya mwarobaini, akaniwekea boksi hilo magotini kama mtu anayemkabidhi hakimu mkataba uliovunjwa.

"Mpwa wangu, wewe ndiye msomi wetu. Nisomee hapa. Hizi 300 ziko wapi?"

Zipo, ndugu msomaji, katika mstari wa chini wenye herufi ndogo: wati 300 katika upepo wa mita 12 kwa sekunde. Huo ni upepo wa kutikisa matawi makubwa ya miti. Nguvu iliyomo ndani ya upepo haipungui sambamba na kasi yake. Hufuata mchemraba wa kasi hiyo. Kasi ikishuka hadi robo, yaani mita 3 kwa sekunde, umeme haushuki hadi robo, bali hadi sehemu moja ya 64. Gawanya 300 kwa 64: hazifiki wati 5, hata tukiusamehe mtambo upotevu wake wote. Hizo ni za kuchaji simu moja, polepole. Mingi ya mitambo ya aina hii haianzi hata kuzunguka katika upepo hafifu kama huo.

Aliyeandika boksi hajasema uongo kisheria. Amemwambia ukweli mtu asiyepewa nafasi ya kuuelewa, na hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia. Siku hizi nasikia wanaharakati wenzangu, na baadhi ya watendaji wa umma wenye nia njema, wakisifu mitambo midogo ya juu ya paa kama nishati safi ya mnyonge. Wanasema Kishapu ni tambarare, pana upepo, basi kila kaya ifunge wake. Hoja hiyo inavutia kwenye maandiko ya miradi. Juu ya paa haisimami.

Paa ndilo mahali pabaya kuliko pote pa kuutafuta upepo. Upepo ukigonga ukuta na bati huvunjika, ukawa vizingiwi vinavyosukuma mapanga huku na huku bila kuyazungusha sawasawa. Kanuni ya mafundi wa fani hii ni kwamba mtambo uwe juu, angalau mita 9 kuliko kitu chochote kilicho ndani ya mita 150. Bomba la mjomba limeupita mgongo wa paa kwa mita moja na nusu, na mwarobaini tuliokalia kivuli chake umelipita bomba lenyewe. Kisha usiku, taa zinapohitajika, ardhi ya bara hupoa na upepo wa chini hutulia. Feni husimama, mjomba huwasha tochi.

Waingereza walikwishalipa ada ya somo hili. Mitambo midogo ya mapaa iliuzwa huko hata katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Katika jaribio la Warwick, lililochapishwa mwaka 2009, mitambo 26 iliyofungwa kwenye majengo ilipimwa, ikatoa wastani wa wati-saa 214 kwa siku kwa kila mmoja. Paneli moja ya sola ya wati 100, chini ya jua la Shinyanga, hukaribia mara mbili ya hizo, na haina beringi ya kusagika kwa vumbi. Baadhi ya mitambo hiyo ilitumia umeme mwingi kuliko iliouzalisha. Na ile ya juu ya maghorofa, iliyokuwa na upepo wa maana, ilizimwa kwa sababu wakazi walilalamikia kelele.

Kelele hizo nimezisikia Songwa. Alasiri upepo ulipochangamka, bomba lilitetemeka, ukuta ukaupokea mtetemo, bati likageuka ngoma. Binti wa mjomba, anayejiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne, alichukua madaftari yake akahamia kwa jirani. Nilipouzunguka ukuta niliona ufa unaoshuka kutoka kwenye bolti ya juu hadi karibu na dirisha. Nyumba ni ya tofali za tope, haina lenta, imesimama juu ya udongo mweusi wa mbuga unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Nyumba hiyo tayari ina vita vyake na ardhi. Sisi tumeiongezea vita na hewa.

Wala hatari hii si ya kubuni. Mwezi Machi 2015, kijijini Mwakata, Kahama, mvua ya mawe na upepo iliua watu zaidi ya 40, na nyumba za tope ziliwaangukia wenyewe ndani. Kila mwaka twasoma habari za mapaa yaliyoezuliwa mkoani kwetu. Upepo utakaotimiza ahadi ya boksi la mjomba ni ule ule wa kutikisa matawi makubwa ya miti. Hebu atuambie mtaalamu gani alikadiria mzigo wa chuma hicho juu ya ukuta ule.

Nitaulizwa kuhusu William Kamkwamba, kijana wa Malawi aliyejenga kinu chake kwa vyuma chakavu. Namheshimu sana. Lakini waliomgeuza kuwa bango wasome alichokifanya: kinu kilikaa juu ya mnara wa magogo, si juu ya paa, na baadaye aliuinua hadi mita 12 ili aipite miti. Hapa Afrika Mashariki, kampuni ya PowerGen ilianza Kenya kwa jina la WindGen, ikifunga mitambo midogo ya upepo. Sasa inajulikana kwa gridi ndogo za sola. Mfanyabiashara alihesabu akahama. Kwa nini mkulima wa pamba abakizwe kule alikohama mfanyabiashara?

Siupingi upepo. Kando ya Ziwa Turkana mitambo 365 imesimama kwenye uwezo wa megawati 310, kwa sababu pale upepo ulipimwa kwanza. Mwenga, Mufindi, tunayo yetu ya megawati 2.4. Na katika wilaya hii hii ya Kishapu, kijijini Ngunga, serikali ilichagua kujenga mradi wa megawati 150, ikianza na 50. Ilichagua jua. Serikali inayojichagulia jua haina udhuru wa kunyamaza raia wake wanapouziwa upepo kwa ng'ombe wao.

Ninachodai ni kidogo. Shirika la Viwango lilazimishe kila boksi lionyeshe, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, umeme unaotoka katika upepo wa mita 3 na wa mita 5 kwa sekunde. Halmashauri zisiruhusu mtambo wowote kufungwa kwenye ukuta usio na lenta. Na afisa anayeandika taarifa ya mradi asihesabu mitambo iliyofungwa. Ahesabu wati-saa zilizoingia kwenye betri.

Tuliuteremsha mtambo siku ya tatu, mimi na vijana wawili wa jirani, kabla mvua za Novemba hazijafika. Mjomba aliukandika ufa kwa udongo bila kusema neno. Kisha akanipa namba ya muuzaji nimpigie mimi, maana yake haipokelewi tena. Nimepiga mara nne.