Kipaji Hakimtoshi Mtu

Wapo vijana wetu waliojaaliwa mikono ya sanaa, nao hudhani kwamba penye kipaji hapahitajiki mwalimu. Wengine humtafuta mlezi wa kuwaongoza, lakini wamtakaye ni wa kuwasifu na kuwatafutia wateja. Jambo hili lataka kuzingatiwa, na mfano tunao katika fani ya khati za Kiarabu.

Mohamed Zakariya, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1942, alikuwa amekwishajifundisha khati kwa miaka mingi alipoalikwa Istanbul mwaka 1984. Huko akawa mwanafunzi wa Hasan Çelebi, akakubali kuanza upya. Njia ya fani hiyo ni moja: mwanafunzi huandika somo kwa kalamu ya mwanzi, mwalimu huonyesha kasoro kwa mkono wake, nalo huandikwa tena mpaka likubalike. Mwaka 1988 akapewa ijaza, yaani idhini ya kutia jina lake katika kazi zake na kufundisha wengine. Mwaka 2001 Posta ya Marekani ikatoa stempu ya Idi yenye khati yake.

Tazameni mpangilio huo: masahihisho yalitangulia, jina likafuata.

Basi enyi vijana, kabla ya kumlipa anayejiita mlezi wa vipaji, mwulizeni yeye mwenyewe alisahihishwa na nani. Nanyi wazazi, msiidharau sanaa ya mtoto. Mpelekeni kwa fundi atakayemrudishia kazi yake mara kumi.

Wabillahi tawfiq.