Ghadhabu kwenye Usukani

Katika barabara ya Nairobi hadi Mombasa, ipitayo Makueni toka Salama hadi Mtito Andei, malori yenye shehena za bandarini hupanda milima polepole, na nyuma yake hufuatana mabasi na matatu ambayo madereva wake, waliokesha na wanaodaiwa hesabu ya jioni na wenye magari, humwona kila aliye mbele kuwa ni hasimu. Na yeyote aliyekatiwa njia hughadhibika, akasahau abiria wake, akajitosa upande wa magari yanayokuja.

Kutotaka kungoja ni ndugu wa ghadhabu. Huko Kitui, Desemba 2021, basi lililojaribu kuvuka mto Enziu uliofurika lilisombwa, wakafa watu zaidi ya 30, aghalabu wanakwaya waliokuwa wakienda arusini. Msiba huo ungali unatuuma.

Hatumwondolei dereva taksiri yake, maana ameaminiwa roho za watu. Walakini mwenye gari amlipe mshahara badala ya kumdai hesabu, na wakuu wa usalama barabarani wahakikishe kwamba ile sheria ya saa 8 za kuendesha kwa siku inafuatwa, hata usiku, pale Emali na Makindu.