Nyungunyungu si Mnyoo wa Tumboni



Leo tunazungumza juu ya taka za jikoni. Maganda ya ndizi. Maganda ya viazi na mihogo. Mashina ya mchicha. Majani ya chai. Vitu hivi vinatoka katika kila nyumba, kila siku. Je, vinakwenda wapi?

Tuangalie Mbagala na Chamazi, upande wa Temeke. Tuangalie Bunju na Tegeta, upande wa Kinondoni. Huko ni pembezoni mwa Dar es Salaam. Taka zote zinafungwa katika mfuko mmoja. Mfuko unangoja gari. Gari likichelewa, mfuko unanuka. Nzi wanakuja. Mbwa anaupasua. Mwenye nyumba anachoka, anauchoma moto, na moshi unaingia kwa jirani mwenye mtoto mchanga. Au anangoja usiku, anautupa mferejini.

Masika ikifika, mfereji umeziba. Maji yanafurika. Yanaingia chooni, yanatoka na kinyesi, yanaingia kisimani. Hiyo ni njia moja ya kipindupindu. Mwezi Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kisha kikaenea katika mikoa mingi ya nchi yetu. Watu wengi walikufa.

Mwaka 1973 wazee wetu walikaa katika vikundi wakasikiliza redio. Ilikuwa kampeni ya Mtu ni Afya. Walichimba vyoo, walifyeka majani, walifukia madimbwi. Wakati ule shimo la taka lilikuwa jibu zuri, kwa sababu uwanja ulikuwa mkubwa. Kijijini bado ni jibu zuri. Lakini Mbagala ya leo nyumba zimebanana. Shimo utalichimba wapi? Karibu na choo? Karibu na kisima cha jirani?

Wengine wanasema taka zipelekwe mbali. Mbali ni wapi? Zamani taka za jiji zilitupwa Tabata. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walikwenda Mahakama Kuu kulalamika juu ya moshi, harufu na nzi, na mahakama ikawakubalia. Baadaye taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani. Huko nako kulikuwa na watu. Nao wakaenda mahakamani, mwaka 1991, nao wakashinda. Kila unapopaita mbali, ni nyumbani kwa mtu.

Maoni yangu ni haya. Taka za jikoni zinazooza zisitoke nje ya uwanja wako. Zilishwe nyungunyungu, ndani ya ndoo, kivulini.

Najua wengi watakunja uso. Mama mmoja atasema, "Niweke minyoo karibu na jiko langu?" Hofu hiyo inatokana na jina tu. Nyungunyungu si mnyoo wa tumboni. Nyungunyungu anakula majani yaliyooza na hawezi kuishi ndani ya mwili wa mtu. Wavuvi wanamshika kila siku kwa ajili ya chambo. Minyoo ya tumboni ni wengine kabisa. Mayai yao hutoka katika kinyesi cha mtu mgonjwa, yakaingia kwa mwingine kwa mikono michafu na chakula kisichooshwa. Safura huingia kwa nyayo za mtu anayetembea peku mahali penye kinyesi.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ya ndoo hii ni moja: kinyesi kisiingie. Si cha mtoto, si cha mbwa, si cha paka. Nepi pia hapana. Na kila ukishika ndoo, nawa mikono kwa sabuni.

Sasa tutengeneze. Tafuta ndoo ya rangi ya lita 20, uioshe vizuri. Sanduku la mbao pana ni bora zaidi, maana nyungunyungu hawa hukaa juu juu. Toboa matundu chini kwa msumari wa moto, maji yapate kutoka. Toboa mengine ubavuni karibu na mdomo, hewa ipate kuingia. Tandika ndani makumbi laini ya nazi, majani makavu ya mgomba, au maboksi yaliyochanwa vipande. Lowesha matandiko hayo kisha uyakamue. Yawe kama nguo iliyokamuliwa: imelowa lakini haidondoki. Ongeza konzi ya udongo. Funika kwa gunia.

Nyungunyungu usiwachimbe chini sana shambani. Wale hawapendi ndoo. Watafute katika samadi ya zamani ya ng'ombe, au chini ya majani yaliyooza penye migomba. Viganja viwili vilivyojaa vinatosha kuanza. Wataongezeka wenyewe.

Kulisha ndiko kunakowashinda watu. Mtu anafurahi, anamwaga taka za wiki nzima siku moja. Chakula kinachacha, kinapata joto, nyungunyungu wanakufa. Kisha anasema elimu hii ni ya uongo. Kumbuka kwamba nusu kilo ya nyungunyungu, wakiwa wazima na wamezoea, hula kama robo kilo kwa siku. Wiki ya kwanza wape konzi moja tu, ungoje ikaribie kwisha. Katakata maganda yawe madogo. Chimba kona moja ya ndoo, fukia chakula, funika kwa matandiko. Siku nyingine tumia kona ya pili. Ukirudi kona ya kwanza, utajionea mwenyewe kama wamekula.

Wape maganda ya ndizi, papai, boga na viazi, mashina ya mboga, majani ya chai, na maganda ya mayai yaliyopondwa. Usiwape ndimu, maganda ya machungwa, pilipili, wala chakula chenye chumvi au mafuta. Dagaa, samaki na nyama ni marufuku, maana vitaleta panya. Machicha ya nazi ni swali gumu kwetu sisi watu wa Pwani, kwa sababu yako mengi kila nyumba. Wape kidogo sana. Yana mafuta, yakiwa mengi huchacha upesi. Mengine wape kuku. (Kuku wafungie, wasije wakawala wafanyakazi wako.)

Ndoo nzuri hunuka kama udongo baada ya mvua. Ikinuka vibaya, chakula au maji vimezidi. Acha kulisha siku chache, ongeza majani makavu. Nyungunyungu wakipanda hadi kwenye mfuniko, wanakimbia joto au maji. Mwezi wa Januari na Februari jua la Dar es Salaam ni kali, kwa hiyo ndoo ikae chini ya mwembe au upande wa nyumba wenye kivuli siku nzima.

Adui mkubwa ni siafu na sisimizi. Watu wengi huweka ndoo juu ya meza, na miguu ya meza ndani ya makopo ya maji. Mimi siipendi njia hii. Maji yaliyotuama katika makopo ndiyo kitanda cha mbu anayeeneza homa ya dengi, yule anayeuma mchana. Dar es Salaam iliugua dengi mwaka 2014, ikaugua tena mwaka 2019. Tusitibu taka tukafuga mbu. Paka grisi miguuni mwa meza, au zungushia majivu na uyabadilishe yanapolowa.

Wako watakaouliza, "Tunalipa ada ya taka, kwa nini tufanye kazi ya halmashauri?" Swali hilo ni la haki. Ada ikilipwa, gari lije, na lisipokuja msemeni katika mkutano wa mtaa. Nyungunyungu hali plastiki, hali chupa, hali betri. Hizo ni za gari. Lakini taka nyingi za nyumba zetu ni hizi zinazooza, na ndizo zinazoita nzi gari likichelewa. Mfuko wenye taka kavu tupu unaweza kungoja bila kunuka. Na kazi hii asiachiwe mama peke yake. Baba anayeweza kulisha kuku anaweza kulisha nyungunyungu.

Baada ya miezi mitatu hivi matandiko yatakuwa meusi, laini, kama udongo. Sasa weka chakula upande mmoja tu wa ndoo kwa wiki mbili au tatu. Nyungunyungu watahamia huko. Chota upande wa pili. Changanya kopo moja la mbolea hiyo na makopo matatu ya udongo, jaza kiroba, panda mchicha au matembele. Upande uliochota, tandika upya. Mboga zikikomaa zioshe kwa maji safi kabla ya kupika, na mashina yake yarudishe katika ndoo.