MAMBO YA NYUMBANI: Kutu Katika Sinki Lisiloshika Kutu



Mwezi huu twataka kunena juu ya jambo lililo dogo machoni, lakini limekwisha kuleta maneno katika nyumba nyingi. Siku hizi watu wengi wanaojenga huweka jikoni sinki la chuma king'aacho, kile kiitwacho chuma kisichoshika kutu. Hulinunua kwa fedha nzuri, wakatumaini kwamba shida imekwisha. Baada ya miezi michache huonekana madoa mekundu, hapa moja na pale moja, pamoja na mikwaruzo. Hapo baba husema, "Nimeuziwa kitu kibovu." Mama mkwe husema, "Mkwe wangu hajui kusugua." Na binti wa kazi, asiye na wa kumtetea, hukatwa mshahara wake. Basi kabla ya kumhukumu mtu, yafaa tujue doa limetoka wapi.

Chuma hiki ni ndugu wa chuma cha jembe, ila kimechanganywa na madini yaitwayo kromiamu, asilimia 10.5 au zaidi. Masinki mazuri yana kromiamu kadiri ya asilimia 18, na nikeli kadiri ya asilimia 8. Harry Brearley wa mji wa Sheffield, Uingereza, alikitengeneza chuma cha namna hii mwaka 1913. Kromiamu ikikutana na hewa hufanya utando mwembamba mno, usioonekana kwa macho, ukakifunika chuma chote. Utando huo ukikwaruzwa hujifunga wenyewe, maadamu chuma ni safi na chapata hewa. Kwa sababu hiyo mkwaruzo mtupu hauleti kutu. Adui mkubwa wa utando ni chumvi, na pamoja nayo dawa zenye klorini.

Doa jekundu, basi, mara nyingi si kutu ya sinki lenyewe. Ni kutu ya mgeni aliyekuja kukaa juu yake, na wageni hao ni watatu.

Mgeni wa kwanza ni ile stiliwaya ya kusugulia masufuria. Vipande vyake vidogo hukatika, hunasa katika mikwaruzo, navyo hushika kutu usiku mmoja tu. Asubuhi mama aona wekundu, achukua stiliwaya tena asugue kwa nguvu zaidi, naye apanda mbegu ya madoa ya kesho. Wazee walisema kweli: kikulacho ki nguoni mwako.

Mgeni wa pili ni vyombo vya chuma vilivyoachwa majimaji ndani ya sinki: kopo, karai, kisu cha zamani, au panga lililotoka shambani.

Mgeni wa tatu ni maji. Maji ya mto Pangani huvutwa upande wa Korogwe, yakaletwa Handeni kwa bomba kuu lijulikanalo kwa jina la HTM. Popote maji yanapokuja kwa mgao, mabomba ya chuma hukaa bila maji, na unyevu pamoja na hewa huyashikisha kutu kwa ndani. Maji yakirudi, yale ya kwanza hutoka mekundu. Yakingeni kwa ndoo, mkayatumie chooni, wala msiyaache yatuame katika sinki. Tena penye visima vya maji ya chumvi, matone yakikauka huacha chumvi juu ya chuma, nayo huula ule utando polepole.

Sasa dawa yake. Kwanza, osha sinki kwa maji na sabuni. Pili, twaa bikaboneti ya soda, ile itiwayo katika mikate, uikoroge kwa maji kidogo hata iwe kama uji mzito. Paka juu ya doa, ngoja kadiri ya robo saa, kisha sugua kwa kitambaa laini. Tazama mistari midogo ya chuma inakokwenda, nawe usugue kuifuata, wala usizungushe mkono. Tatu, doa likibaki, suuza soda yote, kisha weka kitambaa kilicholowa maji ya ndimu au siki kwa dakika chache; ukali wake huyeyusha kutu. Mwisho suuza kwa maji mengi, ukaushe kwa kitambaa kikavu. Kukausha ndiko watu wasikokujali, nako ndiko kunakozuia doa lisirudi.

Hapa twawaonya kwa nguvu. Msitie ile dawa ya kufulia nguo nyeupe, ambayo watu huiita jiki, ili kuondoa kutu. Haiondoi kutu, bali hukitoboa chuma vitundu vidogo. Wala msiichanganye kamwe na ndimu au siki, kwa maana hutoka hewa ya sumu iumizayo macho na mapafu, nayo ni hatari kubwa katika jiko dogo lisilo na dirisha. Nguo za kuloweka katika jiki ziwekwe katika beseni la plastiki, zisilazwe katika sinki.

Mikwaruzo midogo hupungua kwa kusuguliwa kwa soda kufuata mistari. Ule unaoshika ukucha hautoki kwa soda, nao si aibu. Ni alama ya kazi tu. Ili isizidi, acheni stiliwaya, mtumie dodoki au nyuzi za mkonge. Mkonge uliletwa pwani hii mwaka 1893 na Dk. Richard Hindorf, na Korogwe ni nchi ya mkonge tangu zamani. Nyuzi zake zasugua vyema bila kuacha chembe ya chuma.

Mkitaka kujua kama sinki lenyewe ni bovu, ondoeni doa kisha mpitishe ukucha pale lilipokuwa. Pakiwa laini, kutu ilikuwa ya mgeni. Pakiwa na vitundu, chuma chenyewe kimeliwa, kwa chumvi, au kwa jiki, au kwa kuwa ni hafifu. Wala msidanganywe na sumaku dukani. Chuma chenye nikeli nyingi kwa kawaida hakishiki sumaku, lakini kipo kingine cha bei ndogo kisichoishika vilevile, nacho ni dhaifu mbele ya chumvi.

Basi akina baba na akina mama, jaribuni hayo kwanza. Na yule binti aliyekatwa mshahara kwa ajili ya doa lililoletwa na bomba, arudishiwe haki yake.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutanena juu ya masufuria yaliyoungua.