Retro Bila Jina ni Wizi

Wasee, leo kuna watu watanuna, lakini wacha niseme.

Ile hudi ya Thrasher unavaa, yenye maandishi ya moto, fonti yake inaitwa Banco. Ilichorwa na Mfaransa Roger Excoffon ikatoka 1951, kwa kiwanda cha herufi cha Fonderie Olive kule Marseille. Mwaka wa 1953 akatoa Mistral, ule mwandiko wa haraka unaouona kwa mabango ya saluni. Enzi hizo herufi zilikuwa vipande vya risasi, kila moja kivyake, na bado za Mistral zikipangwa zilishikana kama zimeandikwa kwa kalamu. Hiyo ni akili, manze!

Sasa retro imerudi, na herufi za miaka ya hamsini zinageuzwa fonti za kompyuta. Poa sana. Risasi ikiachwa kwa droo, herufi zinakufa nayo. Mwingereza Phill Grimshaw aliirudia Banco 1997, akachora na toleo jembamba, na jina la Excoffon halikupotea.

Nagombana na nyinyi mnaoskani ukurasa wa kitambo, mnaachia programu ichore mistari yenyewe, hadi wino uliosambaa kwa karatasi unakuwa sehemu ya herufi. Halafu mnabandika jina jipya na kuuza. Aliyechora? Hatajwi popote.

Mtaniambia sheria inaruhusu. Kweli, Marekani hakimiliki hailindi umbo la herufi, inalinda programu ya fonti tu. Basi kama umbo halina ulinzi, jina ndilo kitu pekee mchoraji amebaki nacho. Na hilo pia mnachukua?

Mwingine atasema Excoffon alikufa 1983, hana haja. Sawa. Lakini fundi anayechora maandishi ya matatu hapa Nairobi yuko hai, na ana kodi ya kulipa. Siku msee atapiga picha kazi yake, aigeuze fonti na kuiuza kwa dola, mtalia na nani? Tukizoea kufuta jina la Mfaransa, la fundi wetu litafutwa na hakuna atakayeshtuka.

Ukifufua fonti, andika nani alichora, mwaka gani, na wewe umebadilisha nini. Mistari mitatu tu. Na wewe unayenunua, uliza kabla hujalipa. Asiyeweza kujibu hajafufua kitu, ameiba.