Reli ya Mwendo Kasi na Abiria wa Ipogolo

Chini ya mlima uliojengwa mji wa Iringa, kandokando ya Mto Ruaha Mdogo, ndipo ilipo Ipogolo. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya, Tunduma na Zambia hupita hapo, na aendaye mjini huiacha hapo akapanda mlima. Malori ya shaba na ya mafuta, mabasi ya Njombe, Songea na Mbeya, magunia ya viazi na matenga ya nyanya, vyote hukutana mahali hapo pamoja, mchana na usiku. Kitu kimoja tu hakijapata kusikika Ipogolo, nacho ni honi ya gari la moshi. Reli haikufika Iringa wakati wa Mjerumani, haikufika wakati wa Mwingereza, na haijafika tangu tujitawale.

Twaanza na Ipogolo kwa sababu ya mjadala uliozuka nchini. Tangu tarehe 1 Agosti 2024, siku Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua rasmi safari za treni ya umeme baina ya Dar es Salaam na Dodoma, kila mkoa umekuwa ukiulizia zamu yake. Wako waliokwenda mbali zaidi, wakitaka Serikali ijenge njia za kasi ya juu kabisa, mithili ya zile za Japani na Ufaransa. Maoni yetu ni kwamba Serikali haina budi kuendelea kuweka fedha katika reli ya abiria, tena bila ya kusitasita. Lakini kasi isiwe ndiyo mizani ya kwanza; na kwa upande wa Nyanda za Juu Kusini, kazi ianzie kwenye reli iliyokwisha kulazwa, yaani TAZARA.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya jina. Treni yetu ya umeme, ambayo wananchi wamekwisha kuiita ya mwendo kasi, imejengewa njia ya kilomita 160 kwa saa. Wataalamu wa reli duniani hawaiiti njia mpya kuwa ya kasi ya juu mpaka ifikie kilomita 250. Japani ilianza mwaka 1964 kwa kilomita 210, Ufaransa ikafuata mwaka 1981 baina ya Paris na Lyon, na katika bara letu Morocco ndiyo ya kwanza, mwaka 2018, kwa kilomita 320. Mahujaji wetu wanaijua ile iendayo baina ya Makka na Madina kwa kilomita 300, iliyofunguliwa mwaka huo huo wa 2018. Hatuyasemi haya kwa kejeli. Kilomita 160 zimeugeuza mwendo wa kutwa kuwa mwendo wa chini ya saa nne, na nauli ya daraja la kawaida hadi Dodoma iliyotangazwa mwaka 2024, shilingi 31,000, si nauli ya matajiri peke yao. Hata siku ile Shirika la Reli lilipoueleza umma kuwa bundi na ngedere wamehusika katika hitilafu ya umeme, watu walicheka, kisha kesho yake wakarudi stesheni kukata tiketi.

Msomaji wa Unguja au Pemba aweza kutuuliza: hayo yote yatuhusu nini sisi tuliozungukwa na bahari? Reli yetu ya Bububu ilianza mwaka 1905 ikafa miaka ya 1920, na hakuna aliyetuahidi nyingine. Twamjibu hivi. Mbatata na vitunguu vya sokoni Darajani na Mwanakwerekwe, na mchele uitwao wa Mbeya, vina njia ndefu ya kutoka nyanda zile hadi bandarini, na kila saa linapokwama lori njiani, mlaji wa Kisiwani hulipia. Aidha, mwenzetu anayeshuka botini Dar es Salaam kwenda Dodoma kwa shughuli za Serikali hana haja tena ya kulala njiani. Bandari na stesheni ni jirani. Na liko la tatu, ambalo hutajwa kwa nadra. Reli haimo katika orodha ya mambo ya Muungano, lakini mikopo ya nje imo. Dhima ya kukopa ni ya Jamhuri nzima, na kwa hiyo Mzanzibari ana haki kamili ya kuuliza fedha zinakopwa kwa ajili ya njia ipi.

Sasa tuitazame TAZARA, maana vijana wengi wanaijua kwa jina tu. Mwezi wa Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wa bandia, na Zambia, ambayo shaba yake ilipitia kwao, ikajikuta imebanwa shingo. Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda walibisha hodi katika nchi za Magharibi na Benki ya Dunia; wakaambiwa reli hiyo haina faida. China ikakubali. Mkataba ulitiwa saini mwaka 1967, ujenzi ukaanza mwaka 1970, na kufikia mwaka 1975 kilomita 1,860 baina ya Dar es Salaam na New Kapiri Mposhi zilikuwa zimelazwa. Mwaka 1976 reli ikakabidhiwa kwa wenyewe. Mkopo wake ulikuwa wa yuan milioni 988, usio na riba. Sisi tuliokaa mkekani chuoni kabla ya kukaa kwenye dawati la skuli ya Serikali tunaujua uzito wa maneno hayo mawili ya mwisho. Kati ya Mlimba na Makambako, ambako milima huporomokea bonde la Kilombero, ilibidi yajengwe madaraja 46 na mahandaki 18. Watanzania na Wazambia kwa maelfu walifanya kazi ile bega kwa bega na Wachina, na makaburi ya Wachina waliofia huku yangalipo Gongo la Mboto.

Reli iliyopatikana kwa gharama hiyo tuliiacha ichakae. Mataruma yalioza, vichwa vya treni viliishiwa vipuri, na abiria akazoea kuambiwa kuwa treni ya leo itafika kesho. Lawama hii tusimtupie mtu mmoja wala nchi moja: ni ya serikali mbili, ya menejimenti moja baada ya nyingine, na ya sisi wana Chama tuliokuwa tukiitaja kwa fahari kila siku ya sherehe na kuisahau kila siku ya bajeti.

Mwaka 2025 Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba na kampuni ya CCECC ya China wa kuifufua na kuiendesha TAZARA kwa miaka 30, kwa uwekezaji wa dola za Marekani bilioni 1.4. Tumeupokea kwa furaha, na pia kwa wasiwasi ambao hatutaki kuuficha. Mwekezaji ana haki ya kutafuta faida, na faida ya reli ile imo katika shaba. Behewa la shaba halidai kiti, halidai choo, wala halilalamiki likichelewa. Abiria hudai vyote hivyo na nauli yake ni ndogo. Hapo ndipo pa Serikali kuingia. Ikiwa Hazina iliweza kubeba mzigo wa reli mpya ya Dodoma, haiwezi kusema kuwa mkulima wa Mlimba, mwalimu wa Makambako na mfanyabiashara wa Mbeya waachiwe soko liwaamulie.

Wapo watakaosema kuwa TAZARA ni kongwe na nyembamba, kwamba ni afadhali kuanza upya kwa njia pana kama ya Dodoma. Hoja hii yavutia, lakini haina nguvu. Upana wa TAZARA ni milimita 1,067, na ndio upana wa reli za kawaida za Japani yenyewe, ambako treni za abiria hufikia kilomita 130 kwa saa juu ya vyuma vya upana huo huo. Ndio pia upana wa reli za Zambia na za Afrika ya Kusini, na kwa sababu hiyo behewa laweza kupita mipaka bila ya kupakuliwa. Kilichoiangusha TAZARA ni ukosefu wa matunzo, na upana hauna kosa. Majirani zetu wa Kenya walifungua njia yao mpya ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017. Abiria waliipenda tangu siku ya kwanza, lakini mapato ya reli yakashindwa kulibeba deni lake. Na kwa Sensa ya 2022, mikoa ya Mbeya na Iringa kwa pamoja ina watu wapatao milioni 3.5. Umati huo watosha kujaza treni nzuri ya kilomita 100 kwa saa, iendayo kila siku kwa wakati wake. Njia ya kilomita 250 itaendeshwa nusu tupu, na deni litakuwa kamili.

Turudi Ipogolo. Abiria wa hapo aendaye Dar es Salaam hana chaguo ila basi, na basi halina njia ila kuteremka Kitonga, mlima ambao kona zake zimekwisha kuliza familia nyingi. Akitaka kuukwepa, aweza kwenda Dodoma kwa barabara ya Mtera, kilomita zipatazo 260, kisha apande treni. Lakini hesabu yake itamwonyesha kuwa ametumia muda ule ule na nauli mbili. Stesheni ya Makambako nayo iko zaidi ya kilomita 150 upande wa pili. Tawi la reli la kuingia Iringa ni jambo la kupimwa na wahandisi, na twataka lipimwe. Huko mbele ni mbali, na msafiri ana safari ya wiki hii.

Kwa hiyo twaiomba Wizara ya Uchukuzi iwaeleze Wabunge, kabla ya bajeti ijayo, mambo ambayo hayahitaji mkopo mpya. Mkataba wa TAZARA umeweka idadi gani ya treni za abiria kwa wiki, na ni adhabu gani itolewayo treni hizo zisipokwenda? Nani atafidia nauli ya mwananchi wa vituo vidogo? Mabasi ya Iringa yaweza kupangiwa saa pamoja na treni za Makambako, na tiketi ikawa moja. Shirika la Reli nalo laweza kufanya hivyo Morogoro na Dodoma. Nauli ya tiketi hiyo itangazwe. Kisha ubandikwe ubao Ipogolo na mwingine Makambako, uandikwe saa ya treni kuondoka na saa ya basi linaloipokea.