Kijana, kabla ukope pesa za mashine ya CNC, jifunze mbao

Umeziona zile video. Mashine ndogo inachonga jina la duka kwenye ubao, herufi safi kabisa, na mwenyewe amekaa kando akinywa chai. Kabla video iishe mkono wako uko kwenye simu, unatafuta mkopo. Tulia kwanza.

Hatusemi uachane nayo. Kazi ipo, kuanzia vibao vya majina hadi zawadi za harusi. Lakini ukiivua sifa, mashine ya CNC ni mota inayozungusha biti huku kompyuta ikiisogeza kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini. Ile ya wanaoanza inayouzwa sana mtandaoni, 3018, jina lake limeshakuambia: uwanja wake wa kazi ni sentimita 30 kwa 18. Mlango wa kabati hauingii hapo. Anayekuuzia hiyo kwa ahadi ya fanicha anakucheza.

Uzuri ni kwamba unaweza kuanza bila kununua hata skrubu. Inkscape ya kuchora ni ya bure, FreeCAD vilevile. Amri zinazoendesha mashine huitwa G-code na si uchawi: G0 ni kwenda mbio bila kukata, G1 ni kwenda ukikata, na F600 ni mwendo wa milimita 600 kwa dakika.

Hapo kwenye mwendo ndipo wengi huvunja biti. Chukua biti ya meno mawili inayozunguka mara 10,000 kwa dakika. Ukitaka kila jino litoe milimita 0.03 za mbao, zidisha: 10,000 mara 2 mara 0.03, unapata 600. Sasa anayeanza huogopa, anaweka 100. Biti inasugua badala ya kukata, inapata moto, mbao inaungua. Ukiogopa, punguza kina, si mwendo. Na uangalie kinachotoka: chembe za maranda ni dalili njema, unga laini wenye harufu ya moshi si dalili njema.

Fundi seremala wa mtaani hajui G-code, lakini mambo haya anayajua kwa sikio. Anajua saipresi yenye mafundo itakusumbua wapi, na kwamba mbao mbichi uliyoibana leo kesho itakuwa imepinda. Faili yako haijui. Nenda ukae naye, umshikie mbao, umuulize. Kama uko Nairobi, mashine zenyewe utazikuta FabLab ya Chuo Kikuu cha Nairobi na pale Gearbox. Na kama chuo chako cha ufundi kina moja iliyofunikwa kitambaa ikingoja wageni, basi walimu waifunue. Haikununuliwa iwe pambo.

Siku ya kwanza, endesha kazi yote hewani, biti ikiwa juu ya mbao. Weka alama ya kudumu mahali ulipoanzia, kwa sababu stima zikipotea, nyingi ya mashine hizi ndogo hazikumbuki zilikuwa wapi, na mahogani ya mteja haina nafasi ya pili.

Halafu vumbi. Wengi wetu tunaishi chumba kimoja, na mashine huishia kando ya kitanda. Usifanye hivyo, hasa kama kuna mtoto. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeliorodhesha vumbi la mbao kati ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Tafuta kibanda, vaa barakoa na miwani. Glavu vua, zikinaswa na biti zinakuja na kidole.

Anza na vipande vya saipresi ambavyo fundi angetupa. Nyuma ya kila kimoja andika mwendo na kina ulichotumia, hata kilichoharibika. Ukifikisha ishirini, anza kuuliza bei.